Je, Wajua? Seli zako, kuanzia Kimondo cha Mbozi hadi mpaka wa Tunduma

Safu ya leo inaingia ndani ya mwili kwa kupitia mkoa wa Songwe: kimondo chake, kahawa yake, dhahabu yake, nguruwe, mahindi na malori yake. Soma ukijua jambo moja. Baadhi ya magonjwa yanayotusumbua ni ujumbe wa uongo uliozifikia seli nzima, au ujumbe wa kweli uliokosa wa kuusikia.

UJENZI

Je, wajua chuma kilichomo kwenye Kimondo cha Mbozi ndicho kinachobeba oksijeni kwenye damu yako? Pande lile la tani zipatazo 12, lililoko Ndolezi, ni chuma kwa takriban asilimia 90. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za chuma, na sehemu kubwa imo ndani ya himoglobini. Chembe nyekundu moja ya damu ina molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270, na kila molekuli imeshika atomu 4 za chuma. Gramu hizo chache zikipungua, mtu huhema akipanda kilima kidogo, na mama mjamzito huwa hatarini yeye na mtoto wake.

Je, wajua mwili una seli zipatazo trilioni 30, na nyingi kati yake hazina kiini? Hizo ni chembe nyekundu za damu. Hutema kiini zikiwa bado kwenye uboho, zipate nafasi ya kubeba himoglobini zaidi. Zikishakitema haziwezi tena kujikarabati, kwa hiyo huishi siku 120 hivi. Uboho hutengeneza nyingine zipatazo milioni 2 kila sekunde.

Je, wajua uzi wa DNA ulio ndani ya seli moja ukinyooshwa hufikia mita 2? Kiini kinachoutunza hakifiki hata sehemu ya mia ya milimita. Seli ya ini na seli ya jicho zina DNA ileile. Tofauti yao ni kurasa zipi zinasomwa na zipi zimefungwa.

Je, wajua mitokondria zako umezirithi kwa mama yako? Ndizo zinazogeuza ugali wa mchana kuwa nguvu, na zina DNA yao ya pekee. Asili yake ni bakteria waliomezwa na seli ya kale zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, wakabaki humo wakifanya kazi.

MAWASILIANO

Je, wajua figo zako hupima oksijeni? Dereva anayetoka Dar es Salaam, usawa wa bahari, hufika Tunduma akiwa zaidi ya mita 1,500 juu. Kadiri mtu anavyopanda na kukaa huko, ndivyo seli za figo zinavyotoa homoni iitwayo erithropoietini, inayouagiza uboho uongeze chembe nyekundu. William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kueleza jinsi seli zinavyotambua kwamba oksijeni imepungua.

Je, wajua kahawa ya Mbozi haikuongezei nguvu? Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo na kunasa kwenye vipokezi vya seli za neva, ikizitaka zipunguze kasi. Huo ndio usingizi. Kafeini hukalia vipokezi hivyo kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba: haisemi lolote, lakini adenosini inakosa pa kukaa. Kafeini ikiisha, uchovu wote uliokuwa ukingoja nje unaingia kwa pamoja. Dereva anayekunywa kahawa ili asilale ameahirisha usingizi tu.

Je, wajua mti wa kahawa nao una seli zinazopigana na magonjwa? Chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha kahawa ikiwa bado mbichi, uligunduliwa Kenya mwaka 1922. Kwenye aina zenye ukinzani, seli zinazozunguka jeraha huunda ukuta wa gome na kumzuia kuvu asisambae. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye kituo Mbimba wilayani Mbozi, imewapatia wakulima miche inayohimili chulebuni na kutu ya majani, hivyo mkulima hupunguza gharama ya dawa za kupulizia.

Je, wajua msuli unaotembea hupokea sukari hata bila insulini? Kwa kawaida insulini ndiyo inayoziamuru seli zilete kwenye utando wake protini za kupitishia sukari. Kwenye kisukari cha aina ya pili, seli huwa nzito kusikia amri hiyo. Lakini msuli ukijikunja, protini zilezile hupanda zenyewe. Ukikwama kwenye foleni ya malori, shuka utembee nusu saa.

UJUMBE WA UONGO

Je, wajua bakteria wa kipindupindu hahitaji kuziua seli za utumbo? Anazidanganya. Sumu yake hunasa kwenye utando wa seli, sehemu yake moja hupenya ndani na kuiwasha ishara ambayo kwa kawaida huwaka na kuzimika. Safari hii haizimiki. Seli humwaga chumvi, maji yakafuata chumvi, na mgonjwa mahututi anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Mji wa mpakani kama Tunduma, wenye wasafiri wengi wanaokula njiani, una kila sababu ya kuuogopa ugonjwa huu.

Je, wajua kwa nini maji ya ORS lazima yawe na sukari? Seli za utumbo zina protini inayovusha glukosi na sodiamu kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, kingine hakivuki. Vikivuka, maji huvifuata. Sumu ya kipindupindu haiigusi protini hiyo. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha mchanganyiko huo wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Ukikosa pakiti ya dukani: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe mgonjwa huku mkielekea kituo cha afya.

Je, wajua mtu asiyekula nguruwe anaweza kupata lava wa tegu wa nguruwe kwenye ubongo? Hili linawahusu sana watu wa Mbozi, kwenye ufugaji mwingi wa nguruwe. Anayekula nyama isiyoiva yenye lava hupata mnyoo mkubwa utumboni. Mnyoo huo hutoa mayai kwenye kinyesi. Yeyote atakayeyameza mayai hayo, kwa mkono mchafu, mboga au maji, ndiye anayeweza kuota vifuko vya lava kwenye misuli na ubongo. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Mbozi na kuchapishwa mwaka 2013 uliwakuta watu zaidi ya 15 kati ya kila 100 wakiwa na dalili za lava hao kwenye damu.

Je, wajua lava huyo akiwa hai huweza kukaa ubongoni miaka mingi bila mtu kujua? Hutoa kemikali zinazozituliza seli za kinga. Balaa huanza anapokufa: ukimya unakatika, seli za kinga zinamvamia, ubongo unavimba mahali pale, na seli za neva zilizo jirani huanza kurusha umeme wote kwa wakati mmoja. Hicho ni kifafa. Hakiambukizi kwa kumgusa mgonjwa wala kwa mate yake, na hakuna aliyemroga. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na akizinduka mpeleke hospitali.

Je, wajua homa ya nguruwe ya Afrika haimpati binadamu? Ilielezwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921. Virusi vyake hushambulia makrofaji, seli za nguruwe zenye kazi ya kumeza vijidudu. Zikishavamiwa, humwaga ujumbe wa hatari kupita kiasi, na nguruwe huvuja damu ndani kwa ndani. Hasara ni ya mfugaji, kwa kuwa ugonjwa hauna tiba. Asihamishe nguruwe wala nyama kutoka zizi lenye vifo.

HITILAFU

Je, wajua herufi moja ya jeni iliyobadilika ndiyo inayoleta seli mundu? Himoglobini hugandana na kuwa nyuzi ngumu oksijeni ikipungua, chembe inapinda, inanata kwenye kuta za mishipa, na badala ya kuishi siku 120 huishi siku 10 hadi 20. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka. Muhimbili ilianza mpango wake mkubwa wa seli mundu mwaka 2004 chini ya Profesa Julie Makani.

Je, wajua kwa nini jeni hilo halikutoweka? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionesha mwaka 1954 kuwa aliyerithi jeni hilo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Palipo na malaria nyingi, jeni lilidumu. Anayelirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Wachumba, pimeni kabla ya kuoana.

Je, wajua saratani ya taya ya watoto ilichunguzwa kwa gari bovubovu? Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliielezea mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri takriban kilomita 16,000 kusini na mashariki mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Uvimbe ulikuwa adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ndani ya seli, kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na mara nyingi kuhamia kwenye ya 14, ambako jeni la kuamuru seli igawanyike huwaka bila kuzimwa.

Je, wajua ini lenyewe ndilo linaloitia makali sumukuvu? Kuvu huiacha kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Ini likijaribu kuivunja, huibadilisha kuwa kemikali inayonata kwenye DNA na kuharibu jeni la p53, lenye kazi ya kuizuia seli mbovu isigawanyike. Kupika hakuiondoi. Iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Anika mahindi juu ya turubai, chambua punje zilizooza, na usiwape kuku hizo.

Je, wajua virusi vya HPV navyo huishambulia protini ya jeni hilohilo la p53? Huisaga hadi iishe, na miaka mingi baadaye seli za mlango wa kizazi zinaweza kuwa saratani. Tanzania ilianza kuchanja wasichana wa miaka 14 mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Je, wajua VVU huwa vingi sana kabla mtu hajajishuku? Huingia kwa kushika protini mbili za seli ya kinga, CD4 na CCR5. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ambao Mbeya ilishiriki pamoja na Kenya, Uganda na Thailand, ulipima damu ya watu mara mbili kwa wiki. Virusi vilifika kilele takriban siku 13 baada ya kuonekana mara ya kwanza, huku wengi wakiwa na dalili chache mno. ARV huvizuia visizaliane, lakini vingine hujificha ndani ya seli zilizolala, ndiyo maana dawa haziachwi. Anayezimeza vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.

Je, wajua chembe moja ya vumbi la mwamba inaweza kuua seli baada ya seli? Mchimbaji wa dhahabu wa Saza au Mkwajuni anapovuta vumbi la karasha, makrofaji za mapafu humeza silika na kuipeleka kwenye laisosomu, kifuko cha kumeng'enyea alichokielezea Christian de Duve mwaka 1955. Silika haimeng'enyeki. Hutoboa kifuko, seli inakufa, chembe inabaki palepale ikingoja seli nyingine ije kuimeza. Kovu huendelea kukua hata baada ya mtu kuacha duara. Dawa ni kuzuia: lowesha mwamba kabla ya kuuchoronga.

Je, wajua bakteria wa kifua kikuu huishi ndani ya makrofaji hizohizo? Akishamezwa, huzuia laisosomu isimfikie. Hugawanyika polepole, takriban mara moja kwa siku, ndiyo maana matibabu ya kawaida huchukua miezi 6 ilhali kikohozi hutulia wiki za mwanzo. Mapafu yaliyojeruhiwa na silika, na mwili wenye VVU usiotumia dawa, humpa nafasi kubwa zaidi.

Ndugu msomaji, ukiwa umekohoa wiki mbili, uwe dereva, mchimbaji au mama lishe wa stendi, nenda kapime kesho asubuhi. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure kwenye vituo vya serikali.