Uwanja Uliogeuzwa Kiwanja

Wanafunzi wangu huniuliza, aghalabu kwa kejeli, kama mahali pa michezo pana historia inayostahili kusomwa darasani. Juzi niliwajibu kwa kisa cha Steeplechase, uwanja wa burudani uliokuwa Coney Island, ufuoni mwa bahari jijini New York.

George Tilyou aliufungua mwaka wa 1897. Aliuzungushia ua, akatoza kiingilio langoni, na kivutio chake kikuu kikawa farasi wa bandia walioshindana mbio juu ya reli, mabwana na mabibi wakiwa migongoni. Mwaka wa 1907 moto uliuteketeza. Mwingine angejiinamia na kulia; Tilyou alibandika tangazo, akawatoza watu senti 10 kutazama magofu yaliyokuwa yangali yakifuka moshi! Darasa zima liliangua kicheko, nami sikuwalaumu. Kisha akajenga upya, akasimamisha jumba kubwa la chuma na vioo ili mvua isiwafukuze wateja. Hakuwa malaika, maana pesa alizipenda mno. Ila pesa hizo hazingepatikana pasipo watu kucheka.

Alipofariki mwaka wa 1914, jamaa yake waliurithi uwanja. Mwaka wa 1941 waliongeza mnara wa parachuti uliotoka kwenye maonyesho ya kimataifa ya mwaka wa 1939. Hatimaye, mwaka wa 1964, wakafunga milango.

Mnunuzi alikuwa Fred Trump, baba yake Donald Trump ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa Marekani. Yeye hakuona uwanja, aliona kiwanja. Azma yake ilikuwa kujenga nyumba za makazi. Septemba 1966 aliandaa karamu ya ubomoaji, akawaalika wageni kuvurumisha matofali kwenye vioo vya lile jumba la Tilyou. Hapo hakuna mwanafunzi aliyecheka. Waama, mwenye mali ana haki ya kubomoa chake, lakini kuufanyia sherehe ubomoaji wa mahali palipowafurahisha watu kwa zaidi ya miaka 60 ni jambo ambalo hadi leo linanikereketa.

Nyumba zenyewe hazikujengwa, kwani Trump hakupata idhini ya kubadilisha matumizi ya ardhi. Baadaye jiji liliinunua, na mwaka wa 2001 ukafunguliwa hapo uwanja wa besiboli. Kando yake mnara wa parachuti ungali umesimama, ukilindwa kisheria tangu mwaka wa 1989, ingawa hakuna tena anayeshuka kutoka juu yake.