Karafuu na Pua ya Mbwa

Karafuu tumeizoea bandarini na jikoni. Huko Marekani hutumika pia kufundishia mbwa wa nyumbani: mchezo wa kunusa ulioanzia California mwaka 2006 una harufu tatu, na karafuu ni mojawapo.

Lakini mwenye mbwa asianze na karafuu. Aanze na kipande cha nyama, akifiche katika boksi moja miongoni mwa maboksi matupu, kisha amwache mnyama atafute mwenyewe. Asimwoneshe kwa kidole wala asimkemee. Mbwa aliyezoea kutazama mkono wa bwana wake huacha kuitumia pua yake, na hapo ndipo wengi huiharibu kazi. Akishakuwa hodari, pamba yenye tone la mafuta ya karafuu hutiwa katika kikopo kilichotobolewa, kikawekwa pamoja na nyama. Baadaye nyama huondolewa, ikabaki harufu, na tuzo hutolewa pale pale ilipo. Mafuta hayo asiyalambe, kwani yatamdhuru.

Wapo watakaotukumbusha unajisi. Hatubishani nao, ila Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, imehalalisha windo la mnyama aliyefundishwa.

Nao wakuu wanaopambana na magendo ya karafuu wasidhani kuwa mbwa wa uani atageuka askari wa forodha. Kazi hiyo yataka mkufunzi na miezi mingi. Tunachoomba ni kidogo: mbwa wanapoletwa kuchanjwa kichaa, mabwana mifugo wawaoneshe vijana hatua hizi za mwanzo, badala ya kuwaacha wanyama hao mnyororoni mchana kutwa.