Masisi na Walikale: bei ya madini yapanda, kazi yabaki ya kubahatisha

Tarehe 13 Machi 2025 kampuni ya Alphamin ilitangaza kwamba inasimamisha kwa muda kazi za mgodi wake wa bati wa Bisie, wilayani Walikale, na kuwaondoa wafanyakazi wake. Waasi wa M23 walikuwa wakisonga mbele kutoka upande wa Masisi, na siku sita baadaye waliingia katika mji mdogo wa Walikale. Huko London, kwenye soko kuu la metali, bei ya bati ilipanda ndani ya siku chache, kwa sababu mgodi huo mmoja hutoa karibu asilimia 6 ya bati yote inayochimbwa duniani. Wenye bati ghalani walihesabu faida. Dereva wa lori, mpishi wa kambi na mama anayeuza mihogo kando ya njia ya mgodi walibaki bila kazi.

M23 waliondoka Walikale mwanzoni mwa Aprili, na tarehe 9 mwezi huohuo kampuni ikasema inarejesha kazi hatua kwa hatua. Mgodi ulikuwa umelala kwa muda usiofika mwezi mmoja. Muda huo mfupi ulitosha kukumbusha jambo ambalo watu wa wilaya hizi mbili wamelijua tangu zamani: utajiri uko kwao, lakini kazi inayotokana nao huwashwa na kuzimwa na watu walio mbali.

Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote sita za Kivu ya Kaskazini. Ina kilometa za mraba zaidi ya 23,000, yaani zaidi ya theluthi moja ya jimbo, na sehemu kubwa ni msitu. Masisi ni ndogo karibu mara tano, ila imejaa watu, mashamba na milima ya malisho. Walikale ina kasiterite, jiwe linalotoa bati, pamoja na dhahabu. Masisi ina koltani chini ya nyasi za ng'ombe. Kijana anayemaliza sekondari huku ana njia chache mbele yake: kushuka shimoni, kuendesha pikipiki, kulima shamba la mtu mwingine kwa kibarua, au kubeba bunduki. Kazi ya serikali ni ya walimu, wauguzi na maofisa wachache, na mishahara yao ina historia yake ya kuchelewa.

Wenye umri mkubwa wanakumbuka mwaka 2000. Bei ya koltani ilipaa ghafla, kwa kuwa viwanda vya simu na kompyuta vilikuwa vinatafuta tantali kwa udi na uvumba. Wakulima wa Masisi waliacha majembe, wanafunzi wakaacha madarasa. Mwaka uliofuata bei ilianguka, na waliokuwa wamekopa kwa matumaini ya koltani walibaki na madeni na mashamba yaliyoota magugu.

Bisie ilipata zamu yake baadaye kidogo. Kasiterite ilianza kuchimbwa huko kwa mikono karibu mwaka 2002, na katika muda mfupi msitu ukawa mji wa maelfu ya watu. Barabara haikuwepo. Magunia ya kilo 50 yalibebwa mgongoni kupitia matope na mito hadi Njingala, kisha mzigo ukapelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya barabara kuu yenyewe na kuruka nao hadi Goma. Wanajeshi na vikundi vya silaha walichukua fungu lao njiani. Hata hivyo pesa ilizunguka: mbebaji alilipwa, mwenye kibanda cha wali na maharagi alilipwa, fundi wa viatu alilipwa.

Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Marufuku hiyo ilidumu hadi Machi 2011. Miezi miwili kabla yake, Marekani ilikuwa imepitisha sheria inayozitaka kampuni zake zieleze kama madini yao yanatoka Kongo au kwa majirani zake, na kama yanafadhili vita. Wanunuzi wengi waliona ni rahisi kutonunua kabisa. Nia ya kuwanyima wenye bunduki mapato ilikuwa na msingi. Lakini mbebaji wa gunia hakuandaliwa kazi nyingine, na wengi walirudi vijijini mikono mitupu.

Bisie ya leo ni kitu tofauti. Tangu 2019 mgodi ni wa kiwanda, una mitambo, barabara yake na mishahara ya kila mwezi. Mwaka 2024 sehemu ya pili, Mpama Kusini, ilianza kazi, na uzalishaji wa mwaka huo ulipita tani 17,000 za bati. Kwa mwenye mkataba pale, hii ndiyo kazi bora ambayo wilaya imewahi kuona: kuna kofia ya chuma, kuna daktari, kuna tarehe ya mshahara. Ila mitambo haihitaji watu wengi. Inahitaji fundi umeme, mchomeleaji, mwendesha mashine, mtaalamu wa miamba, na shule za kufundisha ufundi huo ni adimu Walikale. Ndiyo maana lalamiko la kwamba kazi nzuri zinakwenda kwa watu wa nje halikatiki, hata pale kampuni inapofuata sheria. Anayekosa ufundi huishia kwenye kazi za kubeba, kulinda na kufagia, ambazo nazo zina foleni.

Kinachobaki kwa wasioajiriwa ni fungu la mrabaha. Kwa mujibu wa sheria ya madini ya 2018, mrabaha wa metali kama bati ni asilimia 3.5 ya thamani ya madini yanayouzwa. Nusu yake inakwenda Kinshasa, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa sekta au usultani wenye mgodi, na asilimia 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo. Hesabu yake ni rahisi. Kwa madini ya dola 1,000, mrabaha ni dola 35. Jimbo linapata dola 8.75, na sekta inapata dola 5.25. Juu ya hapo kampuni hutakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya wenyeji, yaani dola 3 nyingine. Kwa mgodi unaouza maelfu ya tani, tena bati ikipita dola 30,000 kwa tani kama ilivyokuwa 2025, senti hizo zinakuwa mamilioni. Sekta yenye mapato ya namna hiyo inaweza kujenga shule ya ufundi na madaraja. Mwananchi wa Walikale ana haki ya kuuliza fungu la sekta yake limeingia kiasi gani na limejenga nini, na swali hilo linamhusu zaidi kuliko bei ya London.

Rubaya, wilayani Masisi, hali ni kinyume. Hapo watu ni wengi na mashine hakuna. Mji huo uko kilometa zipatazo 60 kutoka Goma, na milima yake hutoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Maelfu ya vijana huchimba kwa sururu na koleo, huosha mchanga kwa maji ya mlimani na kuubeba kwa magunia. Malipo yao ni dola chache kwa siku, siku ambayo mshipa umepatikana. M23 waliuteka mji huo mwisho wa Aprili 2024. Septemba mwaka huo Bintou Keita, aliyekuwa mkuu wa MONUSCO, aliliambia Baraza la Usalama kwamba koltani inawaingizia waasi dola zipatazo 300,000 kwa mwezi. Miezi michache baadaye wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitaja kiasi kikubwa zaidi, angalau dola 800,000 kwa mwezi, na kusema mzigo mwingi unavushwa kwenda Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko. Rwanda imekuwa ikikanusha kuhusika na wizi wa madini ya Kongo.

Kwa mchimbaji, mabadiliko ya bendera yamegusa mfuko kwa njia nyingine. Mpango wa ITSCI, unaoweka lebo kwenye magunia ili mnunuzi ajue yametoka wapi, ulisimamisha kazi Masisi. Februari 2025 wizara ya madini mjini Kinshasa iliyaweka machimbo 38 ya Masisi na Kalehe katika daraja la nyekundu, maana yake hakuna anayeruhusiwa kununua kutoka humo. Agosti mwaka huo Marekani iliweka vikwazo dhidi ya kikundi cha PARECO-FF, ushirika mmoja wa madini na kampuni mbili za Hong Kong kwa sababu ya biashara ya Rubaya. Uchimbaji haukukoma. Ulichopoteza ni mnunuzi wa halali, na mnunuzi wa magendo hupunguza bei akijua muuzaji hana pa kwenda.

Tena shimo lisilokaguliwa linaua. Mwishoni mwa Januari 2026, wakati wa mvua, mlima uliporomoka Rubaya. Msemaji wa gavana aliyewekwa na M23 aliliambia shirika la habari la Reuters kwamba zaidi ya watu 200 walikufa, wakiwemo wachimbaji, watoto na wanawake waliokuwa wakifanya biashara pale. Mtoto na mama muuza chakula hawahesabiwi kama wafanyakazi katika takwimu yoyote ya madini, ingawa Rubaya wao pia wako kazini.

Madini yakitajwa sana hivi, ni rahisi kusahau kwamba watu wengi wa Masisi hawaishi kwa koltani. Wanaishi kwa maharagi, viazi, mahindi na maziwa. Jibini ya Masisi, ambayo Goma wanaiita fromaji, imeuzwa kwa miaka mingi katika maduka ya Goma na hata Kinshasa. Kila gurudumu la fromaji lina mnyororo mrefu wa kazi: mchungaji, mkamuaji, mbeba maziwa kwa miguu alfajiri, mtengenezaji, mwenye pikipiki, muuza duka. Vita vya miaka ya 1990 vilikomboa mazizi karibu yote, kisha ng'ombe wakarudi polepole. Tangu 2022 mifugo imeporwa tena, na mapigano ya Mushaki, Karuba, Kitchanga na Sake yamekata njia za kuingia sokoni mara kwa mara.

Kuna pia suala la ardhi, ambalo wanasiasa hulizunguka. Malisho makubwa ya Masisi yako mikononi mwa watu wachache, wengi wao wakiishi mjini, na mkulima mdogo hukodi kipande au hulima kwa kibarua. Februari 2025, baada ya Goma kuchukuliwa, kambi za wakimbizi wa ndani pembezoni mwa mji zilivunjwa na maelfu ya familia wakarudi Masisi. Aliyekuta nyumba imechomwa angeweza kupiga turubai. Aliyekuta shamba lake linalimwa na mwingine alihitaji hakimu, na mahakama ya serikali haikuwepo.

Hata aliyevuna ana safari ngumu. Kwenye njia za Masisi na Walikale bariera ni kama biashara nyingine. Kila kikundi kina jetoni yake, kuna kodi ya "lala salama", kuna salongo ya lazima, na yote hayo huongezwa kwenye bei ya gunia kabla halijafika Sake. Mmotari anayebeba maharagi anajua idadi ya bariera kuliko idadi ya kilometa. Mvua ikinyesha, lori hukwama siku kadhaa na viazi huoza juu yake.

Pesa yenyewe nayo imekuwa bidhaa adimu. Benki za Goma zilifungwa mji ulipochukuliwa mwishoni mwa Januari 2025, na uwanja wa ndege pia. M23 walifungua tena ofisi ya CADECO Aprili mwaka huo, lakini Benki Kuu iko Kinshasa na haikuwa inaleta noti. Watu walihamia kwenye pesa ya simu, wakilipa wakala ili kutoa mshahara wao wenyewe, na wafanyabiashara wakawa wanakataa franka zilizochakaa. Mnunuzi wa mazao asiye na noti hanunui. Mikopo ya mbegu, ambayo ilikuwa midogo tangu mwanzo, ilikauka.

Mikataba haijakosekana. Kongo na Rwanda zilitia saini Washington tarehe 27 Juni 2025, na marais wao wakathibitisha tarehe 4 Desemba, na uchumi wa pamoja ukiwa sehemu ya makubaliano. Kinshasa na M23 walisaini mfumo wa amani Doha tarehe 15 Novemba. Mapigano yaliendelea. Katika mazungumzo hayo madini yana nafasi ya mbele, kwa sababu kuna wawekezaji wanaoyataka. Barabara ya Sake kupita Masisi hadi Walikale haina mwekezaji anayeigombania, wala mzani wa maziwa wa Mushaki.

Wakati huohuo kalenda ya shamba haingoji saini. Msimu mmoja hupandwa Septemba, mwingine Februari hadi Machi, na maharagi huhitaji kama miezi mitatu tu bila mwenye shamba kukimbia. Gunia likivunwa, linatosha kula, kulipa ada ya shule na kubakiza mbegu. Likikosekana, mvulana wa kwanza wa nyumba huondoka kwenda Rubaya au Bisie, na mara nyingi hufika akiwa tayari anadaiwa nauli ya pikipiki.