Baiskeli Ipimwe kwa Mpandaji, Si kwa Mng'aro

Mtu akienda kwa fundi cherahani kushonewa kanzu, jambo la kwanza ni kupimwa. Fundi humpima mabega, mikono na kimo, kisha ndipo aguse mkasi. Hata viatu vya bei ndogo hatununui bila ya kuvitia miguuni. Lakini baiskeli, chombo ambacho mkulima, mvuvi, mwalimu na muuguzi wa visiwa hivi hukipanda kila siku ya Mungu, tunainunua kwa macho. Tunatazama rangi, tunabonyeza springi, tunapiga kengele, tunatoa fedha. Kama inatufaa kwa kimo au haitufai, hayo tunayaachia magoti na viuno vyetu vitwambie baadaye.

Tumeona yafaa kulizungumza jambo hili kwa sababu miongoni mwa baiskeli za mitumba zinazoshushwa bandarini, zimo za milimani zenye springi mbele na nyuma. Ni baiskeli zinazopendeza. Mpira mpana, giya nyingi, na pale katikati ya fremu shokapu mithili ya ile ya pikipiki. Kijana akiiona moja, moyo humwenda mbio, na muuzaji hulijua hilo vyema.

Mwandishi wa safu hii naye hana budi kukiri kosa lake. Alinunua baiskeli ya namna hiyo, rangi ya fedha, fremu ya inchi 20, na yeye kimo chake ni sentimita 165. Siku ya kwanza iliyomlazimu kusimama ghafla kwenye mchanga, mguu haukufika chini, na trei ya mayai aliyoifunga nyuma ikawa sadaka ya barabara. Masika hayakumalizika ila shokapu ya nyuma ilikuwa imekwisha kuvuja. Fundi wa mtaani, mtu hodari wa kazi yake, aliifungua akaifunga tena, kwani hakuwa na mipira ya ndani ya kubadilisha wala pampu ya kuijaza. Mwisho aliitoa, akaweka kipande cha chuma mahali pake. Hadi leo baiskeli ile ina springi mbele, na nyuma ina chuma.

Hatusemi kwamba baiskeli za springi ni mbovu. Kila chombo kimezaliwa na kazi yake. Baiskeli za milimani asili yake ni California, Marekani, katika miaka ya 1970. Vijana wa Marin County walichukua baiskeli za zamani zenye mipira minene, wakateremka nazo kwa kasi njia za vumbi za Mlima Tamalpais. Mbio walizozianzisha mwaka 1976 zilipewa jina la Repack, maana yake kujaza grisi upya, kwa kuwa breki za ndani ya gurudumu zilipata moto hata grisi ikageuka moshi, na kila baada ya mteremko ilibidi kuzifungua na kuzijaza tena. Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda baiskeli mpya kabisa kwa ajili ya kazi hiyo. Springi za mbele zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1980, na za nyuma zikafuata. Mwaka 1996, huko Atlanta, mbio hizi ziliingizwa katika Michezo ya Olimpiki.

Tuzingatie mambo mawili katika historia hiyo. La kwanza, vijana wale hawakubeba gunia la mbata wala tenga la samaki. La pili, tangu siku ya kwanza mchezo wao uliitwa kwa jina la matengenezo. Anayetaka kupanda baiskeli yao na akubali pia kupaka grisi kama wao.

Tuanze na kimo, kwani hili ndilo la msingi. Saizi ya fremu, kwa desturi, hupimwa kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi mwisho wa juu wa bomba linaloshikilia kiti. Kwa baiskeli za milimani, mtu wa kimo cha sentimita 150 hadi 160 hutafuta fremu ya inchi 13 hadi 15. Wa sentimita 160 hadi 170, inchi 15 hadi 17. Wa sentimita 170 hadi 180, inchi 17 hadi 19. Na wa sentimita 180 hadi 190, inchi 19 hadi 21. Tusichanganye hesabu hii na ya baiskeli zetu za kale za magurudumu ya inchi 28, ambazo fremu zake za inchi 22 au 24 zina umbo jingine.

Kimo peke yake hakitoshi, kwani watu wawili wa urefu mmoja huweza kuwa na miguu tofauti. Msomaji asimame pekupeku, mgongo ukutani, abane kitabu baina ya mapaja na kukipandisha mpaka kigote, kisha mwenzake apime kutoka juu ya kitabu hadi sakafuni. Tuseme amepata sentimita 78. Akizidisha kwa 0.225 atapata kama inchi 17 na nusu, ambayo ndiyo fremu ya kuanzia kuijaribu. Akizidisha 78 hiyo kwa 0.883 atapata takriban sentimita 69, ndio umbali wa kutoka ekseli ya pedali hadi juu ya kiti. Hapo goti hubaki limekunjika kidogo pedali iwapo chini kabisa. Kiti kikiwa chini mno, magoti huuma. Kikiwa juu mno, kiuno huyumba kwenda huku na huku.

Kisha asimame juu ya baiskeli, miguu miwili chini. Baina ya bomba la juu na mwili pasipungue sentimita 5 za nafasi. Mwenye kupuuza sharti hili atalikumbuka siku atakaposimama ghafla kwenye mawe.

Kwa baiskeli za springi mbele na nyuma pana tahadhari zaidi. Bomba la kiti katika nyingi ya hizo limepindwa au limelazwa ili kuipisha shokapu, na fremu za miaka ya karibuni zina mabomba mafupi ya kiti kwa makusudi. Kwa hiyo inchi zilizoandikwa huweza kudanganya. Kipimo cha kutegemea zaidi ni urefu wa mbele, yaani umbali uliolala kutoka mstari wa wima unaopita katika ekseli ya pedali hadi kichwa cha fremu kinapoingia usukani. Kwa lugha nyepesi, mpandaji asimame juu ya pedali na kushika usukani. Akijiona amejinyoosha kama mtu anayechungulia kisimani, fremu ni ndefu. Magoti yakikaribia kugonga usukani, ni fupi. Kiti huweza kupandishwa na kushushwa, lakini fremu iliyokosewa haina dawa.

Sasa tuje kwenye springi zenyewe. Urefu wa kubonyea hupimwa kwa milimita. Baiskeli za milimita 100 hadi 120 ni za mwendo na kupanda vilima. Za 120 hadi 150 ni za njia za mchanganyiko. Zinazokaribia 200 ni za kuteremka milima mikubwa. Hatujui mlima wa visiwani unaodai milimita 200. Anayenunua hizo hununua uzito wa kuusukuma bure.

Springi nyingi za baiskeli hizi hufanya kazi kwa hewa, na hewa hiyo hupimwa kwa uzito wa mpandaji. Akikaa juu yake, shokapu ya nyuma inatakiwa izame kiasi cha asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wake. Shokapu yenye mwendo wa milimita 50, basi izame baina ya milimita 12 na 15. Pete ndogo ya mpira iliyomo kwenye fimbo yake huonyesha kipimo hicho. Hewa ikiwa chache, baiskeli hunesa kila pedali inapokanyagwa, na nguvu za chakula cha asubuhi huishia katika springi. Ikizidi, shokapu haibonyei na faida yake haipo. Pampu yake ni maalumu, si ile ya kujazia mipira.

Tena baadhi ya watengenezaji hushauri shokapu ihudumiwe kila baada ya saa 50 za kuendesha. Kwa mtu wa mashindano anayetoka siku za mapumziko, saa hizo ni miezi. Kwa daktari wa mifugo anayezunguka saa mbili kila siku, ni siku 25. Ongeza hapo chumvi ya pwani, mchanga mweupe na vumbi la maweni, ambavyo huingia katika beringi na maungio ya nyuma. Anayepita ufukweni aioshe kwa maji baridi yasiyo na kasi, aikaushe, aipake mafuta mnyororo wake jioni hiyo hiyo.

Kwa rai yetu, springi mbele na nyuma zinamfaa mpandaji asiye na mzigo, mwenye kupita njia mbaya kwa kasi, na mwenye uwezo wa kupata pampu, mipira ya ndani na fundi. Walio wengi miongoni mwetu watapata nafuu zaidi kwa fremu imara isiyo na springi, au yenye springi ya mbele peke yake, ikiwa na mipira ya upana wa inchi 2 isiyojazwa kupita kiasi. Mpira mpana ndio springi ya maskini, na hauvuji mafuta. Aidha fremu hiyo hukubali keria, ilhali nyingi zenye springi ya nyuma hazina hata tundu la kuifungia.

Na ukubwa wa magurudumu uangaliwe pia. Rimu ya inchi 29 ina kipenyo cha milimita 622, na rimu ya baiskeli yetu ya kale ya inchi 28 ni milimita 635. Mpira wa moja hauingii katika nyingine, ijapokuwa majina yamekaribiana. Kabla ya kulipa, mnunuzi amuulize muuza spea wa mtaani kwake ana mipira ya namba gani.

Hapa tunawageukia maofisa wetu. Idara inapoagiza baiskeli kwa ajili ya mabwana shamba, wauguzi na walimu, ni rahisi kuandika idadi na bei, basi. Lakini watumishi ishirini si mtu mmoja aliyezidishwa mara ishirini. Baiskeli zikija saizi moja, aliye mfupi ataipaki ukutani na kwenda kwa miguu, na kwenye vilima vya Pemba kwenda kwa miguu ni nusu ya siku. Hasara yake haiandikwi katika daftari la stoo. Inaandikwa kwa mzazi aliyesubiri muuguzi mpaka jua likatua.

Tunapendekeza, basi, kwamba kabla ya zabuni yoyote watumishi wapimwe, kazi ya dakika mbili kwa mtu. Fremu ziagizwe za saizi tatu kwa uchache, na ziwemo zenye bomba la juu lililoshuka kwa wanaovaa kanga na buibui. Keria na spea ziwe sehemu ya bei. Springi ziagizwe pale tu kazi inapozidai, na mafundi wafunzwe pamoja na kupewa zana.

Fundi cherahani haoni aibu kumpima mteja, wala mteja haoni aibu kupimwa. Futi ile ile inayokaa shingoni mwa fundi inatosha kutuepusha na baiskeli zisizopandika. Kilichobaki ni kuichukua kabla ya kufungua mkoba.