Mita chache za Mark McGwire

Januari 2010, Mark McGwire alikiri jambo ambalo mashabiki wa besiboli walikuwa wakilinong'ona kwa miaka mingi. Alitumia steroidi, hata katika msimu wa 1998 alipovusha mpira nje ya uzio mara 70 na kuifuta rekodi ya Roger Maris, mara 61, iliyodumu tangu 1961. Aliomba radhi huku sauti ikimkwama. Ila kwenye swali lenyewe aligoma: dawa zilikuwa za kutibu majeraha tu, nguvu ya kupiga alipewa na Mungu.

Utetezi huo una wafuasi wengi kwa sababu nusu yake ni kweli. Mrushaji wa Ligi Kuu ya Marekani hutupa mpira kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa kutoka umbali wa mita 18 na ushei. Mpigaji ana takriban sekunde 0.4 kuuona, kuamua na kuzungusha gongo. Hakuna sindano inayompa mtu jicho la namna hiyo. Mchukue mbeba vyuma yeyote wa mtaani, mjaze dawa, mvalishe jezi: atapiga hewa mpaka magharibi. Tena mchezaji wa kwanza kufungiwa hadharani kwa sheria mpya za dawa za mwaka 2005, Alex Sanchez wa Tampa Bay, alikuwa mtu wa mbio, na mipira aliyowahi kuivusha nje ya uzio ungeihesabu kwa vidole.

Kwa upande wa misuli, ubishi ulimalizwa mwaka 1996. Miaka ya 1970 wataalamu wengi wa tiba ya michezo walikuwa bado wanasema faida ya dawa hizi haijathibitishwa. Wachezaji, waliokuwa wakijiona kwenye kioo, wakawacheka, na nadhani ndiyo maana hata maonyo kuhusu moyo na ini hayakusikilizwa. Kisha mtafiti Shalender Bhasin na wenzake wakawapima wanaume 43 kwa wiki 10, baadhi wakichomwa miligramu 600 za homoni ya testosteroni kila wiki na wengine dawa bandia. Waliofanya mazoezi bila homoni waliongeza kama kilo 2 za mwili usio na mafuta. Waliochomwa homoni bila kufanya mazoezi wakaongeza zaidi ya kilo 3. Waliopata vyote viwili, kilo 6.

Kilo hizo zinafikaje kwenye uzio? Mwanafizikia Roger Tobin wa Chuo Kikuu cha Tufts alipiga hesabu hiyo mwaka 2008. Misuli ikiongezeka kwa asilimia 10, gongo huongeza kasi kwa takriban asilimia 5 na mpira kwa kama asilimia 4. Ni kidogo, lakini mpigaji hodari huwa na mipira mingi inayodondoka karibu kabisa na uzio, ikidakwa na kumtoa mpigaji. Isogeze yote hiyo mita chache mbele, na idadi ya inayovuka inaweza kupanda kwa asilimia 50 hadi 100.

Hapo ndipo utetezi wa McGwire unapomgeukia. Mwaka 1987, akiwa mgeni kwenye ligi, alivusha mipira 49. Kipaji alikuwa nacho, hakuna anayebisha. Lakini mwenye kipaji ndiye mwenye mipira mingi pale ukingoni, kwa hiyo ndiye anayevuna zaidi. Na hiyo tiba ya majeraha nayo ni faida ya uwanjani: msimu una mechi 162, na aliye kitandani havushi kitu.

Siyo kwamba naamini kila jedwali linaloonyeshwa kama ushahidi. Mwaka 2000 ligi nzima ilivusha mipira 5,693. Mwaka 2019, wachezaji wakipimwa na kuadhibiwa, ilivusha 6,776, na wanasayansi walioitwa kuchunguza wakaukuta mpira wenyewe ukikata hewa kwa urahisi zaidi. Kabla ya hapo, tangu 1993, kulikuwa na timu mpya ya Denver, mji ulio mita 1,600 juu ya bahari, ambako hewa nyepesi humsaidia kila mpigaji bila kumpima mkojo.

Mpigaji Barry Bonds ndiye fumbo gumu kuliko yote. Katika misimu mingine yote hakuwahi kuzidi mipira 49. Mwaka 2001, akitimiza miaka 37, akavusha 73. Daima amekana kwamba alitumia dawa akijua. Mwaka 2022, katika kura yake ya mwisho ya waandishi kuhusu Jumba la Magwiji, alipata asilimia 66 ilhali zinahitajika 75. Wapo wanaotaka apunguziwe mipira kadhaa ili ibaki hesabu safi. Lakini ripoti ya George Mitchell ya Desemba 2007 kuhusu dawa kwenye ligi ilitaja wachezaji 89, na miongoni mwao walikuwamo warushaji, Roger Clemens akiwa mmoja. Anayetaka kumkata Bonds itabidi akate pia kasi ya baadhi ya mipira aliyorushiwa.