Je, Wajua? Urefu wa Risasi na Shinikizo la Gesi
Risasi ya bastola ya milimita 9, ambayo kwa viwango vya Marekani urefu wake wote, yaani kutoka kitako cha ganda hadi ncha ya kichwa, hauruhusiwi kuzidi milimita 29.69, ina ganda dogo kiasi kwamba kichwa kikizamishwa kidogo tu zaidi, nafasi ya baruti kuungulia hupungua na shinikizo la gesi hupanda kwa hatari, huku kasi ikiongezeka kidogo. Kwenye bunduki ndefu tishio huwa kinyume: kichwa kinachogusa michirizi ya mtutu kabla ya kufyatuliwa hukosa mwendo wa awali, na shinikizo hupanda. Mmarekani Roy Weatherby aliacha makusudi nafasi tupu mbele ya kichwa, ili baruti, na hivyo kasi, iweze kuongezwa.