Mchumba au Timu: Mwanariadha wa Chuo Afanyeje?

Hebu fikiria, msomaji, jioni katika Uwanja wa Gusii mjini Kisii. Wanafunzi wa chuo wamekutana kufanya mazoezi ya mbio za kupokezana kijiti. Watatu wamekwisha kuvaa viatu. Wa nne haonekani. Kocha ameambiwa kwamba kijana huyo anaumwa na tumbo, lakini wenzake wanajua aliko: amemsindikiza mchumba wake kupanda matatu ya kwenda Nyamira.

Mbio hizo ni za watu wanne. Akikosa mmoja, jasho la wale watatu linamwagika bure. Tena wamelazimika kusema uongo kwa ajili yake.

Je, mwanariadha anaweza kupenda bila kuwasaliti wenzake? Wapo wazazi na makocha wanaojibu upesi kwamba mshika mbili moja humponyoka. Lakini mambo hayako hivyo kila mara.

Mtazame Yobes Ondieki, mwana wa Kisii aliyesoma na kukimbia katika Iowa State University, Marekani. Alimwoa Lisa Martin wa Australia, mshindi wa medali ya fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Ondieki alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Tokyo mwaka 1991. Mwaka uliofuata mkewe, akitumia jina la Ondieki, alishinda New York Marathon. Kisha Julai 10, 1993, mjini Oslo, Ondieki akawa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Alitumia dakika 26 na sekunde 58.38.

Nani basi atasema kwamba mapenzi lazima yapunguze kasi? Katika nyumba ya wakimbiaji wawili, hakuna haja ya kueleza kwa nini mtu analala mapema na kuamka alfajiri.

Hata hivyo, si kila mwanafunzi atapata mchumba mkimbiaji. Asiyejua mazoezi ni lazima aelezwe. Mwonyeshe ratiba yako tangu mwanzo: siku hizi ni za timu, siku hii ni yako. Mwalike uwanjani awafahamu wenzako. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ukiyaficha, utaishia kumdanganya kocha, na wenzako watakosa imani nawe.

Nao wanatimu waache kumcheka mwenzao kila anapotaja jina la msichana. Dhihaka humfukuza mtu kambini upesi kuliko mapenzi.

Jambo la mwisho ni zito. Ndoa ya Ondieki na Lisa ilivunjika baadaye. Hayo hutokea hata kwa mabingwa, sembuse uchumba wa chuoni. Siku hiyo ikifika, kijana atahitaji rafiki wa kumgongea mlango alfajiri na kumwambia, "Amka, ndugu, twende tukakimbie." Rafiki huyo hapatikani siku ya msiba. Hutafutwa mapema, jioni baada ya jioni, pale uwanjani.